Tuyanusuru majina ya maua ya Kajiado kabla saruji haijayafunika

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Kitengela jina la maua mekundu yaliyotambaa juu ya ukuta wa shule yake, naye atakujibu bila kusita kwamba hayo ni bogenvilia. Mwulize jina la mti unaomwaga maua ya zambarau karibu na afisi ya mwalimu mkuu, atakuambia ni jakaranda. Kisha mwongoze hatua hamsini nje ya lango, mahali ambapo udongo mweusi wa mbuga bado haujachimbwa misingi ya nyumba, umwonyeshe kishada cha maua ya buluu yaliyochipuka siku chache baada ya mvua, kila ua likiwa dogo kuliko ukucha. Atayatazama, atatabasamu, kisha atasema: "Hayo ni maua ya porini tu."

Katika neno hilo "tu" ndimo ulimo msiba ninaokusudia kuujadili leo. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini. Mfaransa Philibert Commerson aliikuta Brazil katika safari ya kuizunguka dunia iliyoanza mwaka 1766, na mmea huo ukapewa jina la mkuu wa safari hiyo, Louis Antoine de Bougainville. Jeanne Baret, mwanamke aliyesafiri katika mavazi ya kiume akimsaidia Commerson kukusanya mimea, hakupewa heshima kama hiyo enzi za uhai wake. Wala hawakuipata wenyeji wa Brazil, ambao macho yao yaliliona ua hilo tangu jadi. Jakaranda nayo ilitoka huko huko Amerika ya Kusini. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anawajua wageni kwa majina yao, ilhali wenyeji waliomlaki yeye na wageni hao hawajui.

Sisemi kwamba wageni watimuliwe. Bustani ya shule iliyopambwa kwa bogenvilia hutuliza moyo, na kivuli cha jakaranda hakijamdhuru mtu. Ninachosema ni kwamba mwenyeji wa mbuga hizi anatoweka huku hatujamwandika jina, na kwamba walimu na wanafunzi wa Kajiado ndio wenye nafasi nzuri kuliko watu wote ya kumwandika. Chombo cha kazi hiyo tunacho tayari, nacho ni simu yenye kamera. Kinachotupungukia ni namna ya kukitumia, na imani kwamba kazi yenyewe ina maana.

Tuanze na sababu ya haraka. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya mwaka 2019 ikahesabu watu 1,117,840. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekuja kuishi Kitengela, Ongata Rongai, Ngong na Kiserian, pembezoni mwa jiji la Nairobi. Nyanda za Athi na Kapiti, ambako nyumbu na punda milia wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoasisiwa mwaka 1946, walizoea kutoka na kurejea kwa majira ya mvua, zimekatwakatwa kuwa ploti. Viwanda vya Athi River, mashamba ya waridi ya upande wa Isinya, na hamu ya kila mfanyakazi wa jijini kumiliki kipande cha ardhi, vyote vimeongeza kasi hiyo. Mnyama akikosa njia, magazeti huandika. Ua likifukiwa chini ya kokoto, nani huandika?

Najua yupo msomaji atakayeuliza: ua lina faida gani kwa mtu anayetafuta karo ya mtoto? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa mifano, si kwa mahubiri.

Mfano wa kwanza ni mtunguja, ambao Wamaasai huuita entulelei. Una maua ya zambarau, miiba, na matunda ya manjano yasiyofaa kuliwa. Ndugu yake wa karibu ni mnavu, mboga inayouzwa katika kila soko la Kenya. Wataalamu huiweka mimea hiyo miwili katika jenasi moja, Solanum, na ukiyatazama maua yake kwa makini utaona kwamba ni ya ukoo mmoja kweli. Kutambua tofauti ya ndugu hao si anasa ya watalii. Ni suala la chakula na sumu.

Mfano wa pili ni ule mmea mtambaazi uitwao kisayansi Gloriosa superba, ambao ni ua la taifa la Zimbabwe na huota pia hapa kwetu. Petali zake nyekundu na manjano hujikunja kuelekea juu mithili ya ndimi za moto, na kila alionaye hutamani kulichuma. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: mmea huo una sumu kali iitwayo kolkisini, hasa katika kiazi chake. Mtoto anayejua jina lake anajua pia kwamba hapaswi kukichimba kiazi hicho akakionja.

Mfano wa tatu wamfaa mfugaji. Katika malisho ya Kajiado kuna kichaka chenye maua mapana kama tarumbeta, meupe au ya zambarau hafifu, ambacho wanabotania hukiita Ipomoea hildebrandtii. Mpita njia huona pambo. Mfugaji anayejua huona dalili ya ugonjwa wa ardhi, kwa maana kichaka hicho huenea mahali ambapo nyasi zimedhoofika, kisha hushindana nazo kwa maji na nafasi. Kichaka hicho ni mwenyeji, si mgeni; hivyo basi tusidhani kwamba kila cha kwetu ni chema na kila cha kigeni ni kibaya.

Hata hivyo wageni wengine wametutenda vibaya. Lantana ililetwa kutoka Amerika ya kitropiki ili ipambe bustani na kuwa uzio. Leo imetoroka bustanini, na ng'ombe wanaoila huugua. Parthenium hysterophorus, gugu lenye maua madogo meupe, nalo lilitoka Amerika na huwawasha ngozi watu wengi wanaolishika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hawa wamekuja, na mwenyeji anaugua. Wakulima wa Tanzania wamelipa gugu hilo la pili jina la gugu karoti, kwa kuwa majani yake yanafanana na ya karoti. Tazama faida ya jina: mara tu mkulima anapoweza kusema "gugu karoti limeingia shambani mwangu," jirani yake ameelewa, afisa wa kilimo ameelewa, na kazi ya kuling'oa inaweza kuanza. Usilolijua ni usiku wa giza, na usiloweza kulitaja huwezi kumwonya mwenzako dhidi yake.

Sasa na tuiangalie simu. Leo kuna programu zinazodai kutambua mmea kwa kuonyeshwa picha yake tu. Miongoni mwa zinazojulikana sana ni iNaturalist, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008, na Pl@ntNet ya Ufaransa. Mwanafunzi akiielekeza simu kwenye bogenvilia, jibu sahihi hutokea kabla hajapepesa jicho. Akiielekeza kwenye ua dogo la mbuga ya Kitengela, mara nyingi hupewa jina la mmea wa Ulaya au wa Afrika Kusini usioota hapa kamwe. Kulikoni?

Sababu yake ni rahisi, na inafaa ifundishwe darasani. Programu hizo hazina macho wala akili ya mwanabotania. Hulinganisha picha mpya na picha nyingi ambazo binadamu walizipiga na kuzipa majina hapo awali. Bogenvilia imepigwa picha katika kila mji wa dunia; kwa hiyo mashine inaijua. Ua la Kapiti limepigwa picha mara chache. Kwa hiyo mashine inabahatisha. Mashine inajua kile ambacho watu wamejali kukipiga picha na kukitaja. Ujinga wake juu ya Kajiado ni kivuli cha uzembe wetu wenyewe. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nasi tukingoja mtu wa California au Montpellier atutambulishie maua yaliyo mlangoni petu, tutangoja hadi mlango wenyewe uzungukwe na saruji.

Dawa yake ni kupiga picha, lakini si picha ya aina tunayoizoea. Wengi wetu huinama juu ya ua, tukapiga picha moja kutoka juu, tukaenda zetu. Picha hiyo hupendeza ukutani, bali kwa utambuzi haitoshi. Mwanabotania anahitaji ushahidi, kama vile hakimu anavyouhitaji. Mwalimu na awafundishe wanafunzi wake kupiga picha sita za kila mmea: ya mmea mzima mahali uliposimama, ya jani upande wa juu na upande wa chini, ya shina pamoja na miiba au vinyweleo vyake, ya ua kutoka mbele, ya ua kutoka ubavuni, na ya tunda au mbegu ikiwa zipo. Picha ya ubavuni haipaswi kusahauliwa, kwa sababu katika jamii kama ya Ipomoea, vijani vidogo vinavyolishika ua kwa nyuma ndivyo mara nyingi vinavyotenganisha aina moja na nyingine. Katika Gloriosa, ncha ya jani hurefuka ikawa kikono cha kujishikilia. Aliyepiga picha ya ua peke yake ameiacha alama hiyo nje.

Kando ya ua pawekwe rula au sarafu ili ukubwa ujulikane. Kazi ifanywe asubuhi, kwa sababu mbili. Kwanza, upepo wa nyanda hizi huamka jua linapopanda, na ua linalotikisika hutoa picha yenye ukungu. Pili, maua mengine hayangoji. Mimea ya jenasi Commelina hufungua maua yake ya buluu asubuhi, na kufikia adhuhuri yameshanyauka. Jua likiwa kali, mwanafunzi mmoja asimame ili kivuli chake kilifunike ua zima, na rangi itatoka kama ilivyo badala ya kufifishwa na mwanga.

Zaidi ya hayo, yapo mambo ambayo kamera haiwezi kuyanasa hata ikiwa ya bei gani. Kamera hainusi. Haijui kama shina likivunjwa hutoa utomvu mweupe au maji. Haijui udongo ni mweusi wa mfinyanzi au mwekundu wa mawe, wala kama mbuzi waliokuwa hapo waliula mmea huo au waliupita. Kwa hiyo kila kundi liwe na daftari. Kila mmea upewe nambari, na nambari hiyo ipigwe picha kwanza kabla ya mmea wenyewe, ili picha zisichanganyike. Chini ya nambari yaandikwe tarehe, mahali, udongo, harufu na utomvu.

Kisha daftari liwe na nafasi ya majina matatu, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Jina la kwanza ni la Kimaasai. Ardhi ya Kajiado imejaa majina ya mimea kwa wale wenye masikio ya kuyasikia. Olerai ni ule mgunga mrefu wenye gamba la manjano unaopenda kando ya mito. Oltepesi ni mgunga wenye kichwa kilichotandazwa kama mwavuli, na pia ni jina la mahali kwenye barabara ya Magadi. Oloirien ni mzeituni-mwitu, osukuroi ni mshubiri. Majina hayo hayakutungwa na washairi. Yalitungwa na watu waliohitaji kujua ng'ombe wale nini, kidonda kipakwe nini, na kibuyu cha maziwa kisafishwe kwa mti gani. Jungu kuu halikosi ukoko. Nyanya au babu anayeishi nyuma ya shule anaweza kuwa na majina ya mimea mia moja kichwani mwake, na siku atakapotutoka ataondoka nayo.

Jina la pili ni la Kiswahili. Lugha yetu si maskini kama inavyodhaniwa. Tunayo mbaruti, ua la manjano lenye majani ya miiba ambalo asili yake ni Meksiko lakini limepata jina la kwetu. Tunayo mbigili, kishona nguo, mpungate na mshubiri. Pale ambapo Kiswahili hakina jina, wanafunzi na waulize, wajadiliane, na wapendekeze, kama walivyofanya wakulima wa Tanzania kwa gugu karoti.

Jina la tatu ni la kisayansi, lenye maneno mawili, kwa mtindo ambao Carl Linnaeus wa Sweden aliuimarisha katika kitabu chake cha mwaka 1753. Jina hilo hutuwezesha kuzungumza na ulimwengu mzima, kwa kuwa mmea mmoja unaweza kuwa na majina ishirini katika lugha zetu, na jina moja likaitwa mimea mitatu tofauti. Lakini tusilidhanie kuwa ni msahafu. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilitufundisha kwamba migunga yetu ni Acacia. Mwaka 2005, kongamano la wanabotania huko Vienna liliamua kwamba jina hilo libaki na miti ya Australia, ambayo aina zake zinakaribia elfu moja. Na kongamano la Melbourne la mwaka 2011 likathibitisha uamuzi huo. Migunga ya Afrika ikagawanywa kuwa Vachellia na Senegalia. Hivyo mti mfupi wa Kitengela wenye vinundu vyeusi wanamoishi sisimizi, vinundu ambavyo hupiga mluzi upepo ukivuma, ukalala Acacia drepanolobium na kuamka Vachellia drepanolobium. Huko Melbourne kura zilipigwa. Hapa Kajiado olerai ilibaki kuwa olerai.

Majina hayo matatu ni kama nyuzi tatu, na picha iliyopigwa vizuri ndiyo fundo linalozifunga pamoja. Bila picha, mzee akisema neno na kitabu kikisema jingine, hatuna hakika kwamba vinazungumzia mmea mmoja. Picha ikiwepo, hata jina la kisayansi likibadilishwa kesho, ushahidi haubadiliki.

Kazi hii haianzii hewani. Tangu mwaka 1952 hadi mwaka 2012, wataalamu wa nchi nyingi waliandika Flora of Tropical East Africa, inayoeleza zaidi ya aina 12,000 za mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1974 Andrew Agnew alitoa kitabu cha maua ya mwituni ya nyanda za juu za Kenya, na mwaka 1994 Henk Beentje akatoa kingine cha miti na vichaka vya nchi hii. Michael Blundell, aliyewahi kuwa Waziri wa Kilimo, aliwaandikia wasomaji wa kawaida kuhusu maua ya mwituni. Kabla ya picha za rangi kuenea, Joy Adamson, ambaye wengi humjua kwa kisa cha simba Elsa, aliichora mimea ya Kenya kwa mkono. Naye Profesa John Kokwaro alitoa mwaka 1972 kamusi ya majina ya mimea kwa Kijaluo, na mwaka 1976 kitabu juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ambayo mizizi yake ni Amani, Tanzania, mwaka 1902. Hazina hiyo ipo mwendo wa matatu moja au mbili kutoka Kitengela. Lakini vitabu hivyo karibu vyote ni vya Kiingereza, bei yake ni ya juu, na havifiki katika shule ya kutwa ya Ilbisil.

Zipo pingamizi. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Simu ya mwalimu mmoja yatosha darasa zima. Na pasipo na simu kabisa, mmea unaweza kukaushwa. Hutandazwa kati ya kurasa za gazeti kuukuu, kama hili ulishikalo baada ya kulisoma, ukawekewa uzito juu, na kurasa zikabadilishwa kila siku hadi unyevu uishe. Ndivyo wataalamu wafanyavyo hadi leo.

Pingamizi ya pili ni kwamba maua hayatahiniwi. Lakini mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, umejengwa juu ya kutenda, kuchunguza na kushirikiana na jamii. Ni mradi gani utakaotimiza hayo kuliko huu, unaokutanisha sayansi, Kiswahili, lugha ya mama na wazee wa kijiji katika daftari moja?

Ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi: kwamba kuutangaza mmea adimu ni kuwaonyesha wezi njia. Ni kweli. Mishubiri ya mwituni inalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, na wapo wanaoichimba usiku. Kwa hiyo mahali hasa pa mmea adimu paandikwe daftarini, pasitangazwe kwa umma. Na kanuni ya kwanza kwa kila mwanafunzi iwe kutong'oa kitu.

Anayeendelea kudhani kwamba ua la porini halina thamani na akumbuke ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara. Mwishoni mwa karne ya 19, afisa wa Kijerumani, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao. Mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia kwa heshima yake, na leo limepandwa katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani. Jamaa zake huota hata katika milima yetu ya Taita. Lilikuwa la porini tu hadi mtu alipoinama, akalitazama na kuliandika. Aliyeinama alikuwa mgeni, na jina lililobaki ni lake.

Mvua zinapokaribia, walimu wa Kitengela, Isinya, Ilbisil, Kajiado na Namanga wanaweza kuanza bila kungoja waraka kutoka wizarani. Kila shule ichague mimea ishirini tu inayotoa maua kati ya lango lake na mto au barabara iliyo karibu. Kila mmea upigwe picha sita, uandikwe daftarini, na apelekewe mzee mmoja ili autaje. Yale yatakayokosa jina la kisayansi yapelekwe kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa. Mwaka ujao mimea mingine ishirini. Na yale maua ya buluu nje ya lango? Huenda ni Pentanisia ouranogyne, mmoja wa mimea ya buluu ya nyanda hizi kavu. Jina lake la Kimaasai, mwanafunzi, nenda ukamwulize bibi yako, kisha uliandike.